Theluji ya Mikindani

Niliiambia mashine: niandikie kurasa kumi na mbili,
fundi ni mmoja, mitaa kumi na miwili.
Jina lake Tsuma Mwero, bomba na mifereji,
banda lake Kongowea, nyuma ya wauza vitunguu.

Chai haijapoa, imemaliza.
Kurasa zimejipanga kama watoto wa madrasa
siku ya maulidi, kanzu moja, kofia moja,
ukimwita Tudor anaitika Magongo.

Fundi bora Likoni. Fundi bora Jomvu.
Fundi bora Ganjoni, karibu nawe daima.
Wateja mia tano waliotabasamu, matawi kila pembe,
uzoefu wa miaka thelathini,
na Tsuma mwenyewe ana thelathini na minne,
basi spana aliishika akiwa na minne.

Asubuhi nikamsomea. Alikuwa amechuchumaa,
anasugua koki kwa mchanga na kipande cha suruali kuukuu,
akisikiliza kama mtu anayesomewa posa ya mwanamume mwingine.
Nilipofika Mikindani akainua kidole.
"Rudia hapo."
Nikarudia:
Linda mabomba yako kabla theluji haijaanguka.

Alicheka mpaka koki ikamponyoka,
ikabingirika chini ya mkokoteni.
"Njooni msikie! Mikindani kumeganda!"
Muuza vitunguu akauliza kama inapimwa kwa kilo.
Mimi sikucheka sana.
Nilikuwa nimekwisha kulipwa nusu.

Kisha akanyamaza, akanionyesha ile koki.
Imeliwa ndani, kama muwa uliotafunwa ukatemwa.
"Hii ya Kizingo. Ghorofa, marumaru mpaka chooni,
lakini maji ni ya kisima, na kisima kinakunywa bahari.
Miaka miwili, kwisha.
Kuze bomba limepita ndani ya ukuta wa matumbawe,
hugongi nyundo ovyo, ukuta ule umeishinda umri serikali.
Chaani maji huja Jumatano usiku, yakija,
kwa hiyo ugonjwa si bomba, ni tangi, ni boya lililokwama,
ni Bi Swaumu aliyeamka godoro linaelea.
Hayo, mashine yako imeyaona?"

Ingeyaona wapi? Nani aliwahi kuyaandika?
Nami mzaliwa wa Tudor, nanywa maji hayohayo,
sikuwa nimeyaona.

Nikafuta zote.
Nikakalia ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia sema,
akasema, nikailisha mashine maneno yake bila sukari.
Ikayapanga vizuri, sikatai. Ikatia nukta.
Ikageuza "mie" ikawa "mimi", nikairudisha.
Ikauliza: niongeze "tunapatikana saa ishirini na nne"?

Tsuma akapangusa mikono,
akatoa hili kwa mkupuo mmoja,
kama mtu anayetaja namba yake ya simu:

Mie ni Tsuma wa bomba, niitwapo sichelewi;
chumvi ndiyo ilotamba, theluji mie sijuwi;
sina tawi wala chumba, kazi haichaguliwi;
usiku nina ya nyumba, simu haipokelewi.

Mashine ikasema ni fupi mno, haina mvuto.
Nikaiacha iseme.

Ukurasa mmoja tu, ukaenda hewani Ijumaa.
Siku tatu, kimya. Nikaanza kuihesabu ile nusu
niliyokwisha kuila.
Ya nne simu ikalia, mwanamke, sauti kavu,
nyuma yake maji yanapiga bati:

"Hapo ni kwa yule fundi asiyejua theluji?"

Nageuka nimpe simu.
Tsuma keshapanda baiskeli,
anauliza kwa mkono: mtaa gani?